Mpangaji na Vifungo Saba

Jumatatu, 3 Machi

Bi Nyoosha amesema niandike. "Kila siku, mama, dakika ngapi amefanya mazoezi, mkono umefika wapi, vidole vingapi vimecheza." Jina lake silo hilo. Lakini tangu aanze kuja kumshughulikia mume wangu viungo, neno linalomtoka mdomoni ni moja tu, nyoosha, nyoosha, nami nikawa namwita hivyo moyoni mpaka juzi likaniponyoka mbele yake. Alicheka. Afadhali yeye anacheka, maana humu ndani hakuna mwingine.

Daftari nililopata ni la karakana. Kurasa za mbele zimejaa vipimo vya makabati na milango ya watu, kwa mwandiko wa Fundi. Fundi ndiye mume wangu. Mji mzima unamwita hivyo na mimi pia. Mwandiko wake unaishia tarehe kumi na mbili Januari, katikati ya kabati la mteja. Siku hiyo kiharusi kilimwangusha karakanani, upande wa kulia wote. Mimi naanzia ukurasa unaofuata.

Haya, naandika. Mazoezi: hakuna. Ameambiwa anyanyue kikombe cha plastiki mara kumi. Alikitazama, akanigeukia, akasema, "Mimi nimeezeka paa la shule, mama. Leo nicheze na kikombe?" Ikawa basi.

Bi Nyoosha alinivuta mlangoni wakati anaaga. "Miezi hii ndiyo yenyewe, mama. Mkono usipotumika mpaka mvua hizi ziishe, kuurudisha baadaye itakuwa kazi kweli. Na sioni kama anataka."

Hata mimi sioni.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka, nimemwogesha, nimemvisha shati, nimemfunga vifungo saba, nimekwenda kazini hospitali, chumba cha kufulia, nimekunja mashuka mpaka nikaona weupe nikifumba macho. Nimerudi. Nimemfungua vifungo saba. Mvua.

Mazoezi: hakuna.

Alhamisi, 6 Machi

Kama jana. Na jana ilikuwa kama juzi.

Jumamosi, 8 Machi

Kitinda mimba wetu ametokea bila taarifa, amelowa chapachapa. Koti lake la mvua kalifunika tundu la waya alilobeba.

"Mama, usikasirike."

Mtoto akianza na usikasirike, mimi hukasirika papo hapo ili nisipoteze muda. Akafunua koti. Ndani ya tundu kulikuwa na panya.

"Si panya, mama. Ni hamsta."

Hamsta, haya. Kahawia mgongoni, mweupe tumboni, mkia hana wa kueleweka, macho mawili meusi yamemtoka. Mwenye nyumba anakopanga binti yangu kasema hataki wanyama, kampa mpaka kesho. Kwa hiyo kamleta kwetu. "Ni mpaka nipate pengine tu. Mvua zikiisha nimeshamchukua."

"Humu ndani tayari namlisha mtu mmoja kwa kijiko," nikamwambia. "Umeona mikono yangu imekosa kazi?"

Alitazama chini, lakini panya hakurudi naye. Aliacha karatasi mbili za maelezo, zimeandikwa mbele na nyuma, akambusu baba yake kwenye paji la uso, akakimbilia basi.

Muda wote Fundi alikuwa analitazama tundu. Nilidhani anamtazama mnyama. Baada ya chakula ndipo akafungua mdomo: "Aliyeunga hiyo pembe hajui kazi."

Jumapili, 9 Machi

Nimesoma karatasi ya kwanza. Nafaka mchanganyiko kijiko kimoja cha chai, jioni. Mbegu za alizeti mbili tatu tu, hizo ni kama peremende kwake. Karoti au tango, kipande cha ukubwa wa ukucha, kioshwe na kufutwa maji. Chungwa hapana, limau hapana, kitunguu hapana, chumvi hapana kabisa.

"Na wewe umekatazwa chumvi," nikamwambia Fundi. "Inaelekea mna daktari mmoja."

Midomo yake ilicheza upande wa kushoto. Nimeiona.

Basi nimekaa jikoni nikimkatia panya karoti kwa kisu cha matunda, mimi ambaye chakula changu mwenyewe nakula nimesimama. Nikamwekea. Hakula! Alijaza mashavuni, akasukuma kingine, na kingine, mpaka kichwa kikawa kipana kuliko tumbo, akaenda kuvitema vyote kwenye kona na kuvifukia. Mchana kutwa analala, usiku anapiga kelele, kodi halipi. Nimemwita Mpangaji.

Mazoezi: Mpangaji amefanya, usiku kucha, kwenye gurudumu lake la plastiki. Fundi hakufanya.

Jumatano, 12 Machi

Gurudumu linalia kwii kwii kwii mpaka alfajiri, kisha linanyamaza. Ule ukimya ndio unaoniamsha. Saa ya kengele nimeiweka kabatini, sina haja nayo tena.

Jumamosi, 15 Machi

Fundi leo amesema maneno mengi kuliko Februari nzima, na yote ni ya kulalamika. Gurudumu ni dogo, mnyama anakimbia amejipinda. "Atapata kibyongo yule. Nifungulie karakana."

Karakana ni chumba cha uani, hatua nane kutoka mlango wa jikoni, na haikufunguliwa tangu Januari. Nilimshika mkono wa kushoto tukavuka ua kwenye manyunyu. Lile kabati la mteja liko palepale, halina milango. Fundi alilitazama akageuza uso.

Miaka thelathini na moja ya ndoa sikuwahi kushika msumeno wake. Ilikuwa sheria. Leo yeye kakaa kwenye stuli, mimi ndiye nakata.

"Vuta. Usikandamize. Huo si mwiko, mama, hupiki uji!"

"Navuta!"

"Unaukaba roho. Ulegeze!"

Jiliwa lake, lile la kubania mbao, limeshika kutu. Ubao ukawa unanichezea, unaruka, unageuka. Nilikuwa nimetoka kazini zamu ya asubuhi, mgongo unawaka moto. Mara ya nne nikashindwa kuvumilia.

"Basi weka huo mkono wako juu ya ubao," nikamfokea. "Ukishindwa kuwa mkono, uwe hata jiwe!"

Neno likishatoka halirudi tumboni. Nilitamani ardhi inimeze. Fundi aliukamata mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaunyanyua kama anashika kitu cha mtu mwingine, akaulaza juu ya ubao. Ubao ukatulia. Nikakata mpaka kipande kikaanguka.

"Unatikisika," akasema.

"Si nilikuwa nakata?"

"Najua ulikuwa unakata. Nakwambia nimeuhisi. Hapa." Akaonyesha kwa kidevu kiganja chake cha kulia.

Sijui hilo linahesabiwa dakika ngapi. Nimeandika hivyohivyo.

Jumapili, 16 Machi

Gurudumu limekamilika, kubwa la haja, vijiti vimepangwa kama ngazi. Ndipo nikasoma karatasi ya pili: gurudumu lisiwe na nafasi za vijiti, mguu utanasa.

"Wateja wote ni walewale," Fundi akasema. "Vipimo wanavitoa kazi ikishaisha."

Tumeng'oa vijiti vyote. Tumechukua ubao mwembamba kama karatasi, tumeulainisha kwa maji ya moto, tumeuzungusha ndani. Ekseli ni msumari mrefu uliopakwa nta ya mshumaa. Linalia bado, ila sauti yake ni nzito. Fundi anasema mbao itazoea. Mimi nasema atakayezoea ni mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Vifungo saba. Mashuka. Mvua. Vifungo saba.

Jumamosi, 22 Machi

Karatasi inasema chini ya tundu matandiko yawe mazito, apate kuchimba. Fundi akaniagiza gunia la pembeni karakanani, lile la maranda ya mwerezi. "Hayo siyo ya kuwashia moto. Ni yale ya makasha ya nguo. Mwagia mengi, alale pazuri."

Nilipofungua gunia nilisimama kidogo. Harufu ile ndiyo aliyokuwa akija nayo kwetu alipokuwa ananiposa, kwenye shati, kwenye nywele, hata kwenye barua zake. Mama yangu alikuwa akisema, mwenzio kaja, kasha linanukia. Nilimwaga nusu gunia. Nyumba nzima ikanukia, na Mpangaji akazama ndani akibakiza pua.

Nimelala vizuri.

Jumatano, 26 Machi

Msimamizi wetu kazini kaniuliza kama naumwa. Nimesema hapana, nimechoka tu. Akasema sote tumechoka. Kweli.

Ijumaa, 28 Machi

Mpangaji anapiga chafya. Tumecheka, kachafya kenyewe kadogo kama kiberiti kinachowashwa.

Jumamosi, 29 Machi

Usiku kucha gurudumu halikulia, na mimi sikupata usingizi nikilisubiri lilie.

Kulipopambazuka nilimkuta Fundi ameshakaa mbele ya tundu, blanketi begani. Sijui alifikaje pale peke yake. "Anakoroma," akasema. Niliinama. Mpangaji alikuwa amejikunja kwenye kona, macho yameganda kwa matongo, na kila alipovuta pumzi kulikuwa na mlio, kama mtu anayesugua nguo mbali.

Nikampigia binti yetu, hapatikani. Ningefanya nini? Daktari wa mifugo yuko nyuma ya soko. Nikamtia Mpangaji kwenye soksi ya sufu, soksi nikaiweka kifuani, na maranda kidogo nikayafunga kwenye mkebe ili akifika asijione ugenini. Nikachukua mwavuli. Fundi akasimama.

"Nakuja."

"Kwa mvua hii? Na mguu huo?"

"Nimesema nakuja."

Tangu Januari hakuwahi kuvuka geti. Hakuogopa kuanguka, aliona haya watu kumwona akiburuta mguu. Nilijua, na yeye alijua kwamba najua, kwa hiyo hatukulizungumza. Mwendo ambao mimi huumaliza kwa dakika kumi tuliutembea karibu saa nzima, mwavuli mmoja, bega lake la kulia likinyeshewa na langu la kushoto pia. Watu wakatoka madukani. "Fundi! Umeonekana!" Akawajibu mmoja mmoja, "Nipo, nipo," bila kusimama.

Daktari alikuwa amevaa mabuti ya mpira, ananawa mikono baada ya kutoka kwa ng'ombe. "Mgonjwa yuko wapi?"

Nikatoa soksi kifuani.

Aliitazama. "Mama, hiyo ni soksi."

"Yumo ndani."

Namshukuru hakucheka. Alimtoa kwa vidole viwili, akamwekea kile chombo cha kusikilizia mapigo, ambacho kilimfunika mwili wote. Kisha akauliza, "Analala kwenye nini?"

Nikafungua mkebe kwa fahari kabisa. Akanusa.

"Mwerezi."

"Mwerezi safi," Fundi akadakia. "Huo nondo mla nguo hausogelei kamwe."

"Na kwa nini hausogelei, mzee?"

Nilimwona Fundi usoni, jibu lilivyokuwa linamwingia.

"Ninyi harufu yake mnainusa mkipita," daktari akasema taratibu. "Huyu amezika pua ndani yake wiki nzima. Inamchoma mapafu. Miti mingine ya harufu kali ni hivyohivyo." Akatupa dawa ya matone, asubuhi na jioni. Matandiko yawe karatasi laini tupu, isiyo na wino wala manukato, ichanwe vipande vyembamba. "Akivuka siku tatu, tumshukuru Mungu."

Tulipofika getini Fundi akasimama palepale mvuani. "Miaka arobaini," akasema. "Hakuna mbao nisiyoijua inafaa nini. Na nimemlaza kwenye sumu."

"Aliyemwaga ni mimi."

"Aliyekutuma ni nani? Nilitaka alale pazuri tu." Sikumwona akilia hata siku ile aliyoanguka. Leo amelia, kwa ajili ya kitu kinachoenea kwenye soksi, na mimi nikalia naye, sijui kwa ajili ya nani.

Maranda yote nimeyamwaga nje kwenye mvua. Nilipoingia, Fundi alikuwa mezani. "Leta karatasi."

Kuchana karatasi kunataka mikono miwili. Mmoja unashika, mwingine unavuta. Sikumkumbusha. Nilimwekea bunda mbele yake, nikamwona anaupandisha mkono wa kulia mezani, anausukumia karatasi chini ya kiganja, anakandamiza. Karatasi ya kwanza ikachomoka. Ya pili ikachomoka. Ya tano ikachanika.

Jumapili, 30 Machi

Yupo.

Jumatatu, 31 Machi

Yupo. Ameramba maji.

Jumanne, 1 Aprili

Nilikuwa nimeinamia ndoo ya nguo Fundi akaita, "Mama! Mama, njoo!" Nikatupa nguo nikakimbia, roho juu, nikijua yamekwisha. Akanyanyua kidole cha kushoto ninyamaze.

Kwii. Kimya. Kwii, kwii.

Nilikaa chini sakafuni, mikono ina povu.

Alhamisi, 3 Aprili

Bi Nyoosha amekuta rundo la karatasi zilizochanwa, kubwa kuliko mto wa kulalia. "Nani kachana zote hizi?"

Fundi akatazama dari.

Bi Nyoosha akamshika kiganja, akamwambia bana, Fundi akabana. Si sana. Lakini Bi Nyoosha amenigeukia macho yamemjaa. "Zoezi hili sikumpa mimi."

"Kampa Mpangaji," nikamjibu.

Kisha akaomba daftari. Nikadanganya kwamba nimelisahau kazini. Ningempaje? Yeye alitaka dakika na vidole, mimi nimemjazia panya na manung'uniko.

Jumamosi, 12 Aprili

Sasa Fundi ndiye anayetayarisha chakula cha jioni cha Mpangaji, na hataki kusaidiwa. Mbegu za alizeti anazimwaga mezani, anaokota moja kwa kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia. Anaibana, inachomoka. Anaibana, inaruka chini ya kabati. Jasho linamtoka kama anaranda mlango. Mpangaji anasimama kwa miguu miwili ameshika ukingo wa tundu, anasubiri. Mbegu moja imechukua muda wa mimi kupika wali ukaiva.

Kisha akalaza kiganja hicho ndani ya tundu, na Mpangaji akapanda, akakaa humo akimenya. Mkono wa kushoto huwa anaukimbia.

"Wa kushoto una pupa," Fundi akasema. "Unamtisha."

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua imebomoa choo cha jirani. Sisi salama. Fundi amemtengenezea Mpangaji ngazi ya vipandio vitano na vijiti vya kutafuna, mbao isiyo na harufu, ameinusa mara tatu kisha akanipa na mimi ninuse.

Alhamisi, 24 Aprili

Leo nimekosa adabu, na naliandika kwa sababu daftari hili limeshanijua.

Asubuhi nilikuwa nimechelewa. Mashuka ya wodi mbili hayakukauka kwa sababu ya mvua, na msimamizi kasema tuwahi. Nikasimama mbele ya Fundi, mkoba begani, namfunga vifungo. Cha kwanza, cha pili. Vidole vyangu vimepasuka kwa sabuni, vinauma. Na mezani naiona nyumba ya Mpangaji ya vyumba viwili, ina mlango unaofunguka, amepiga msasa mpaka inateleza. Damu ikanipanda.

"Kwa panya una vidole," nikasema, "kwa shati lako huna! Ngazi umeweza, nyumba umeweza, kijumba chenye mlango! Mimi ndiye nifunge vifungo mpaka nife?"

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Panya hanisimamii mlangoni na mkoba begani," akasema. "Ninajaribu kifungo, wewe umeshakifunga. Najaribu kijiko, umeshanilisha. Una haraka, mama. Yeye hana."

Nilimaliza vifungo vitano vilivyobaki. Nikatoka. Nimekunja mashuka siku nzima nikitafuta jibu la kumpa na sikulipata, kwa sababu kila neno lilikuwa kweli. Nilidhani nambeba. Kumbe pia nilikuwa namwahi. Lakini na mimi nani ananisubiri? Saa haisubiri, mashuka hayasubiri. Nimechoka hoi, jamani. Ndiyo haraka yangu hiyo, ni uchovu tu.

Jioni kijiko kakishika mwenyewe kwa mkono wa kulia, nusu ya mchuzi ikaishia mezani. Nilikalia mikono yangu.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimefunga vifungo saba. Sikuwa na muda.

Jumamosi, 3 Mei

Uwanja wa mazoezi wa Mpangaji umefunguliwa rasmi sebuleni: mbao nne zimezungushwa, ngazi, nyumba, na mahandaki ya yale maboksi ya duara yanayobaki karatasi ya chooni ikiisha. Fundi kashuka sakafuni kumfuatilia. Kushuka ni rahisi. Kunyanyuka kumetuchukua nusu saa na kicheko kingi. Mpangaji kapita kwenye handaki amejaza mashavu, akakwama katikati. Mlafi yule. Ilibidi tulichane handaki.

Jumamosi, 10 Mei

Leo haikunyesha. Nimeanika nguo zikakauka siku hiyohiyo.

Jumatano, 14 Mei

Kitinda mimba kapiga simu. Amepata chumba, mwenye nyumba huyu hana neno. Anakuja Jumamosi.

Fundi kasema, "Vizuri." Akaenda karakanani. Nimesikia randa.

Jumamosi, 17 Mei

Amekuja, safari hii mkavu. Fundi alikuwa ameshaandaa sanduku la safari, lina matundu ya hewa na kifuniko kinachofungwa kwa kijiti kinachozunguka. Alikizungusha kwa mkono wa kulia mbele ya binti yake mara tatu, bila kusema chochote. Binti aliziba mdomo kwa viganja.

Nilimshika jikoni. "Sema ukweli. Ile habari ya mwenye nyumba ilikuwa mbinu yako, ulimleta kwa ajili ya baba yako."

"Hapana, mama. Wallahi nilikuwa sina pa kumweka."

Basi, nami wiki nzima nilikuwa nimejiandaa kumshukuru kwa akili zake.

Tulimpa kila kitu, gurudumu, ngazi, nyumba ya vyumba viwili, mfuko wa karatasi zilizochanwa wa kutosha mwezi. Fundi kampa na maelezo kwa mdomo, marefu kuliko zile karatasi mbili, kama vile hamsta ni wake na binti ndiye mgeni. Nilitaka kusema abaki. Mimi, niliyemwita panya! Lakini ni mnyama wa mtu, na mtu ni mwanangu, na anakwenda kukaa peke yake kwenye chumba kipya.

Gari lilipoondoka Fundi alibaki getini mpaka nikamwita.

Jumapili, 18 Mei

Mazoezi: hakuna. Amekaa siku nzima akitazama pale mezani, kwenye alama ya vumbi lilipokuwa tundu. Nimemwekea kikombe cha plastiki mbele yake. Amekisogeza kando.

Mvua zimekwisha. Nakumbuka alichoniambia Bi Nyoosha mlangoni, na ninaogopa.

Jumatatu, 19 Mei

Nimelala fofofo. Lile gurudumu ndilo lililokuwa likiniamsha kwa kunyamaza kwake, na leo halikuwa na la kunyamazia. Nimefumbua macho jua limejaa dirishani. Nimeruka kitandani nusu nianguke, mashuka, msimamizi, dawa, uji, mkoba uko wapi, Fundi hajaogeshwa! Nimetoka mbio pekupeku.

Alikuwa amekaa mezani, amevaa. Shati la bluu. Mbele yake kuna kikombe cha plastiki kimejaa chai iliyokwisha kupoa, ameniwekea mimi.

"Nilikuacha ulale," akasema. "Sikuwa na haraka."

Nikalitazama shati. Kifungo cha chini kimeingia tundu la pili, cha juu yake tundu la tatu, hivyohivyo mpaka juu, shati lote limepanda upande mmoja, na kifungo cha saba kimebaki shingoni bila tundu. Huyu ni mtu aliyewahi kurudisha kabati zima karakanani kwa sababu droo ilipishana unywele mmoja.

"Vipi?" akaniuliza. Hakujua. Alinyoosha mgongo ili nione vizuri.

Mikono yangu ilikuwa imeshanyanyuka. Nikaishusha.

"Umependeza," nikasema.

Nikakaa. Nikainywa ile chai ya baridi mpaka chini, nimekaa kwenye kiti kama mgeni, na kazini nilifika nimechelewa sana na sikueleza kwa nini. Jioni niliporudi shati lilikuwa vilevile. Alikuwa amekwenda nalo mpaka sokoni na kurudi.

Bi Nyoosha, kesho nakupa daftari hili, usome hata yale ya kukuhusu. Na hii ndiyo hesabu uliyoniomba. Mazoezi: vifungo sita. Dakika: sijui, nilikuwa nimelala.